Benki ya Mbegu ya Chumba cha Wageni

Jumanne, 14 Januari 2025

Nimeanza shajara hii ili siku nikishafanikiwa watu wajue ilianzaje. Daftari nimelinunua Majengo, mjini, la jalada gumu. Mambo makubwa hayaandikwi kwenye daftari la jalada laini.

Leo kulikuwa na mkutano wa wakulima ofisi ya kata. Sikutaka kwenda. Nimekwenda kwa sababu Rogath alikuwa anakwenda. Rogath ni mtoto wa Baba Mkubwa Martin. Ana duka la pembejeo mjini, anauza mbegu chotara za pakiti, na tangu alifungue anatembea kifua mbele hata akienda chooni.

Bibi shamba wetu, Elifuraha, kabandika karatasi kubwa ukutani. Mchoro! Mahindi ambayo nchi nzima inayatenga kwa ajili ya mbegu, mwaka hadi mwaka. Mstari unapanda, unateremka, unapanda tena, kama barabara yetu ya Kibosho. Akaeleza kwamba zamani kila nyumba ilitoa mbegu kwenye mavuno yake, siku hizi wengi wananunua dukani. Akaongeza kwamba inategemea pia mvua, ukubwa wa mashamba, na hata namna takwimu zenyewe zilivyokusanywa, kwa hiyo mtu asikimbilie kuamua jambo kwa kuangalia mstari tu.

Hapo kwenye asikimbilie nilikuwa sisikilizi tena. Mwisho wa mstari nimeuona kwa macho yangu. Unateremka! Mbegu za akina mama zinakwisha nchini. Kitu kikiadimika kila mtu anakitafuta. Watakikuta kwa nani? Kwa Kornel. Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikusubiri gari, nilishindwa kusimama mahali pamoja.

Alhamisi, 16 Januari

Nieleze hali yangu, maana atakayesoma baadaye anaweza asijue. Sisi wa mlimani kihamba chetu, shamba la nyumbani, ni cha migomba na kahawa. Mahindi tunashuka kuyapanda kule chini, tambarare, masika yakianza. Marehemu baba aliniachia ekari mbili huko. Mwaka juzi sikupanda, nilikuwa na mradi wa sungura. Mwaka jana nilipanda punje nilizookota kwenye mavuno ya chotara ya jirani, nikijua mtoto wa chotara ni chotara. Mengine yalinifika kiunoni, mengine gotini. Rogath alipiga picha.

Krismasi ukoo wote ulikuwepo, wa Dar, wa Arusha, mpaka wa Mwanza. Baba Mkubwa Martin akasema mbele ya watu kwamba shamba la mdogo wake halitakaa hivyo mwaka wa tatu. Pasaka ikifika halina mahindi ya kijani, Rogath analichukua. Nilisimama, kibuyu cha mbege mkononi, nikatangaza kwamba mbegu nitatafuta mwenyewe na sitamwomba mtu yeyote. Watu wakapiga makofi. Mke wangu Theodora hakupiga.

Kwa hiyo kwake siwezi kuomba. Na anayo! Kwenye jiko la zamani la nje, juu ya mafiga, mashada ya mahindi yamening'inia darini na maganda yake, meusi kwa masizi. Ni mbegu nyeupe ya mama yangu mzazi. Mama alipokaribia kufa alituita sote wawili, akamkabidhi Theodora mbegu. Mimi akanikabidhi redio. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na redio yenyewe ilishaharibika.

Jumapili, 19 Januari

Misa sikuifuatilia. Padre anahubiri, mimi nahesabu vichwa. Jumuiya yetu ina akina mama tisa ambao watoto wao wamewajengea nyumba za vigae. Nyumba nzuri, jiko la gesi, na lile jiko la moshi wamelibomoa. Mbegu sasa wanaziweka kwenye ndoo, wengine uvunguni. Panya wanasherehekea.

Nimewasubiri nje ya kanisa, nikawaeleza. Benki ya Mbegu! Chumba changu cha wageni kina sakafu ya saruji, dari ya jipsam, na mlango wenye kufuli. Wageni wenyewe hatujapata tangu 2019. Walete mashada sasa, wachukue mvua ikianza, na katika kila mashada matano benki ibaki na moja. Hayo ya benki yatatosha ekari zangu mbili. Yatakayozidi, Kibosho nzima itakuja kuniomba kwa adabu, na Rogath atabaki na pakiti zake. Akina mama walitazamana. Wanane wakakubali. Wa tisa, Mama Zita, akasema kwanza aone.

Jumamosi, 25 Januari

Mashada thelathini na nane! Nimepigilia misumari kwenye mbao za dari, nimening'iniza kwa mstari. Chumba kinapendeza kuliko kanisa siku ya mavuno.

Mama Zita kaja na mzigo wake kichwani, miaka themanini na kitu, hataki kusaidiwa. Nikampa shikamoo, akaitikia huku macho yako juu. Akazunguka chumba. Akagusa ukuta, akanusa kidole.

"Na moshi uko wapi, Kornel?"

Nikamweleza hii ni benki ya kisasa, moshi ni mambo ya zamani. Akasema mdudu hajui kisasa. Alikuwa anataka kuondoka na mzigo wake, na wale wanane wangemfuata, nikawaza haraka. Nimekimbia dukani nikanunua dawa ya mbu ya kuchoma, ile iliyojizungusha kama konokono, nikaiwasha katikati ya chumba mbele yake. Moshi ni moshi. Ameitazama muda mrefu, kisha ameacha mashada yake sita kwa sababu magoti yalikuwa yanamuuma kuyarudisha.

Theodora nilimpa nafasi ya heshima, ukuta wa dirishani. Amesema mashada yake hayatoki jikoni. Nikamwambia atajuta. Akaendelea kumenya ndizi.

Jumamosi, 1 Februari

Siwezi kutulia. Mashada arobaini na manne ni mengi kwa mtu wa kawaida, lakini benki lazima ionekane imejaa. Nimekwenda mpaka Himo. Kuna mfanyabiashara sokoni alikuwa na mashada kumi amesahau kwenye kona ya stoo. Aliniachia kwa bei ya kutupa, tena akanisaidia kuyafunga yeye mwenyewe, ana haraka kweli. Yana vumbi jeupe kidogo. Ni dalili ya ukavu mzuri.

Nimeyaning'iniza katikati, yawe mfano kwa mengine.

Jumapili, 9 Februari

Leo nimeingia chumbani mara saba. Sina kazi huko, ni kuangalia tu. Mara ya nne nimesikia sauti. Kr, kr, kr. Inatoka juu. Nikasimama kimya. Kr, kr. Na sakafuni kuna unga mweupe.

Ni dari! Shedrack, yule fundi aliyenifungia jipsam, amenidanganya. Jipsam inasagika yenyewe! Na sauti ile ni bati linatanuka na jua la mchana. Jumatano ananiona.

Jumatano, 12 Februari

Nimemkuta Shedrack huko Majengo, yuko juu ya ngazi kwenye nyumba ya mtu. Nimemweleza kwa sauti ambayo hata msikitini walisikia. Akashuka taratibu, akaniuliza unga huo una harufu gani. Harufu! Namlalamikia kazi mbovu, ananiuliza harufu. Akasema jipsam haitoi unga bila kuguswa, na akashauri nifungue shada moja niangalie ndani. Nikamwambia ashughulike na ubao, mahindi aniachie mimi.

Nikiwa njiani kurudi Rogath ananiita kutoka dukani kwake. Ameuliza kwa upole kama nimeshapata mbegu ya kule chini, na kama sijapata ataniwekea pakiti mbili pembeni. Upole wa namna hii ndio unaonichukiza. Nimemjibu kwamba mwezi wa tatu atakuja yeye kwangu.

Nimeongeza dawa ya mbu. Sasa nawasha mbili.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Padre kanipaka kipaji cha uso, na nilipofika nyumbani unga wa chumbani ukanidondokea juu yake, nikawa na rangi mbili. Nafagia asubuhi, nafagia jioni, sijui dari inayotoa unga wote huu imebakiwa na nini.

Mama Zita kaja na wenzake wawili. Wanataka kuchukua mapema, wingu limeanza kukaa mlimani. Nikawaeleza utaratibu. Benki haifunguliwi kabla ya mvua, na mchoro wa bibi shamba unaonyesha uhaba bado unakuja. Wakasema hawataki uhaba, wanataka mbegu zao. Nikafunga kufuli, ufunguo nikautia soksini.

Theodora ameniuliza usingizini natafuna nini. Nikamwambia si mimi, ni bati.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua! Imeanza alfajiri, imepiga mpaka saa tatu. Kibosho yote imetoka na majembe. Akina mama tisa wamefika mlangoni kwangu na vikapu. Nimevaa koti la harusi. Nilikuwa nimeandaa maneno machache kuhusu taifa na mbegu, nikayasema yote, Mama Zita amesimama kwenye matope anasubiri. Kisha nikafungua.

Shada la kwanza lilikuwa jepesi mno. Nikafungua maganda, ukamwagika unga, na ndani ya unga wadudu weusi wadogo wanakimbia kila upande. Dumuzi. La pili, hivyo hivyo. La kumi, hivyo hivyo. Punje zote zimetobolewa zimebaki maganda, na mengine ni magunzi matupu yaliyovaa nguo. Mashada hamsini na manne! Dari ya Shedrack haina hata ufa.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu. Mama mmoja ameokota gunzi, amelitia kapuni kama mtu anayechukua maiti yake. Mama Zita hakuingia hata ndani. Amesema mbegu ile alikuja nayo akiwa bibi harusi. Kisha wakaondoka mmoja mmoja kwenye mvua, na mimi nimebaki na koti langu.

Sina mbegu. Akina mama tisa hawana mbegu, na sababu ni mimi. Pasaka ni wiki tano. Nimeona haya, kweli nimeona haya, nimekaa kwenye sakafu ya benki mpaka Theodora akaja kunichukua.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka na nguvu mpya. Isale! Kwetu mtu akikujia na jani la isale kuomba radhi, humkatai, hata kama amekuchomea nyumba. Majani tisa, akina mama tisa, na mambo yameisha kabla ya chakula cha mchana.

Tatizo, masale yangu niliyang'oa mwaka juzi kupisha mabanda ya sungura. Lakini kuna mengine mazuri sana chini ya migomba, yamesimama kwa mstari. Nikang'oa mashina matatu na mizizi yake, ili yakae fresh.

Mama Zita alipokea jani. Hakuwa na njia. Ila akasema amenisamehe mimi, tumbo la ardhi bado halijanisamehe, maana linadai punje. Wengine wanane wakapokea pia. Nimerudi nikitembea mwepesi.

Saa nane Rogath kafika amefura. Masale yale ndiyo mpaka kati ya kihamba chake na changu! Babu zetu ndio walioyapanda. Eti nimehamisha mpaka. Sasa kuna kesi mbili kwa Baba Mkubwa, ya shamba na ya masale, na wiki haijaisha.

Jumanne, 18 Machi

Kikao uani kwa Baba Mkubwa Martin. Nilimpa shikamoo mara mbili kwa bahati mbaya. Masale nimeamriwa kuyarudisha mahali pake, huku Rogath ananishikia kamba kuhakikisha yamenyooka. Sijawahi kudhalilika hivyo na shina la jani.

Kisha shamba. Rogath akasema tusubiri nini mpaka Pasaka, mbegu hana na kila mtu anajua. Nilifungua mdomo. Hapo Theodora akasimama, akaomba kusema. Akasema mashada yake yako jikoni, hayana hata tundu moja. Ameshakubaliana na Mama Zita na wenzake. Kila mmoja atapata mbegu ya kutosha shamba lake, na Jumamosi wote watashuka naye kwa msaragambo wapande ekari mbili kwa siku moja.

Nilitaka kukumbusha kikao kwamba nilisema sitamwomba mtu. Kisha nikaona kwamba sijaomba.

Jumamosi, 22 Machi

Tumeshuka alfajiri. Akina mama kumi, kamba, majembe, chupa za chai. Mimi nilipewa kazi ya kuchota maji. Nikapendekeza mpango wa mistari ya mshazari niliousoma mahali. Mama Zita akaniambia maji yamekwisha.

Mbegu za mama yangu zinatoka kapuni zimekolea moshi, ukinusa unaliona jiko la utotoni. Punje mbili kila shimo. Kufikia saa tisa ekari zilikuwa zimejaa, imebaki kona moja tu karibu na mfereji. Theodora akanitenga pembeni. Kwenye kanga alikuwa na mahindi kumi na mawili, makubwa kuliko yote, mistari yake imenyooka.

"Baba Denis, haya ni ya kona ile. Ni mbegu ya mama yako. Yapande wewe kwa mkono wako."

Nimesubiri miaka kumi na moja kukabidhiwa mbegu hiyo. Machozi yalinitoka kabisa, nikasingizia vumbi, na mvua ilikuwa inanyesha. Nikamwahidi kona itapandwa kabla ya Jumatatu.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Baada ya misa Baba Mkubwa Martin ameshuka mwenyewe kukagua, na fimbo, na Rogath, Theodora na akina mama nyuma yake. Mahindi yamefika gotini, yote sawasawa, kijani mpaka unaumia macho. Rogath alitafuta kasoro kila mstari. Mwisho akaipata. Kona ya mfereji ni tupu, imeota magugu.

Baba Mkubwa ameniuliza kona ile ilikuwa ya nani. Nikasema udongo wake una matatizo. Theodora amenitazama, kisha ametazama chini, na sijui kwa nini hilo limenichoma kuliko maneno. Mzee akayapiga magugu kwa fimbo. Hakumpa Rogath shamba. Hakuniachia mimi pia.

"Shamba hili kuanzia leo ni la Theodora. Nyie wawili mtakuja kupalilia akiwaita."

Rogath amekasirika kuliko mimi, na hilo ni faraja. Akina mama wameshangilia. Nami nimepiga makofi, kwa sauti kubwa, nikijua jambo ambalo wote pale hawalijui.

Maana sikuyapanda! Mahindi yangu kumi na mawili yapo. Tangu ile Jumapili ya Machi yako uvunguni kwa kitanda changu, kwenye sanduku la bati la shule, na kufuli mbili. Watu wote wamezika mbegu zao ardhini, wakati mchoro wa bibi shamba ulikuwa wazi kabisa kwamba mbegu ya nyumbani inateremka. Mwakani mbegu ya mama yangu iliyobaki juu ya ardhi itakuwa kwa nani? Hata ukoo utaniita mbele. Safari hii hakuna akina mama tisa, hakuna mashada ya Himo, mimi peke yangu. Na kuhusu moshi sijapuuza, nimeweka nusu ya dawa ya mbu humo ndani. Haijawashwa, isije ikaunguza.

Nimemaliza wali wa sikukuu nikaja kukaa karibu na sanduku. Siwezi kutulia kwa furaha. Linatoa sauti kidogo. Kr, kr. Ni bati, linatanuka na joto. Na chini yake kuna unga kidogo mweupe, nadhani ni rangi inabanduka.

Jumanne nitamwita Shedrack aje alitazame.